Aliyefumbuliwa Macho Akakosa wa Kucheka Naye



Somo letu mwezi huu limo katika Injili ya Yohana, sura ya 9. Twaomba kila mmoja aifungue Biblia yake nyumbani aisome sura yote, aya zote 41, maana wengi wetu tukifika kwenye tope na birika la Siloamu hufunga kitabu tukidhani habari imekwisha. Haijakwisha. Muujiza wenyewe unamalizika katika aya ya 7. Aya 34 zinazobaki ni habari za watu, na habari za watu ndizo zenye kazi.

Tazameni yaliyompata yule mtu. Amezaliwa haoni, amekua haoni, ameketi njiani akiomba. Leo anarudi kutoka Siloamu macho yake mazima. Majirani wanabishana: hawa wanasema ndiye, wale wanasema siye, ni mtu anayefanana naye tu. Mtu waliyepishana naye miaka na miaka! Walichokijua ni upofu wake na mahali pake pa kuketi. Hivyo viwili vilipoondoka hawakubakiwa na alama ya kumtambua. Wazazi wake nao, kwa kuwaogopa wakubwa, wakasema huyu ni mtu mzima, muulizeni mwenyewe. Wakubwa wakamhoji, wakamhoji tena, wakamtukana, wakamtupa nje. Katika sura nzima hatukuti jirani wala ndugu aliyemshika mkono akamwambia hongera. Hakuna aliyepiga vigelegele. Hakuna aliyecheka naye.

Na mtu mwenyewe alikuwa mcheshi! Walipomtaka asimulie kwa mara ya pili jinsi alivyofumbuliwa macho, aliwauliza kama na wao wana hamu ya kuwa wanafunzi wa Yesu. Sisi tuliosoma shule ya vipofu, aya hiyo ikisomwa kanisani hutushika kicheko, na twasikia mabenchi yakilia watu wanapogeuka kututazama. Sauti ile tunaijua. Ni sauti ya kijana yeyote wa bweni letu akijibizana na mwalimu wa zamu.

(Siku zile tuliitwa vipofu, na shule iliitwa ya vipofu. Leo husemwa wasioona, nayo ni lugha yenye adabu zaidi, twaipokea. Lakini mzee akisimulia ya zamani, maneno ya zamani humtoka.)

Basi mwezi huu twataka kuzungumza habari za urafiki. Kile alichokikosa ndugu yule wa Yerusalemu, sisi tulikipata shuleni kwa wingi. Na wapo watoto katika dayosisi yetu hii ya Victoria Nyanza ambao hadi leo wanakikosa.

Kanisa letu lina sehemu yake katika jambo hili. Shule ya kwanza ya wasioona katika nchi yetu, ile ya Buigiri karibu na Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Baadaye ndugu zetu Walutheri wakafungua ya Irente, Lushoto. Upande wetu huu wa Ziwa iko Mitindo, Misungwi. Iko Mwisenge, Musoma, shule ile ile aliyoingia Mwalimu Nyerere akiwa mtoto mwaka 1934, ambayo sasa hupokea na watoto wasioona. Na iko Mugeza, Bukoba. Yetu hatutaitaja kwa jina, kwa kuwa tutasimulia mambo ambayo wakuu wake wa leo hawana hatia nayo.

Wengi wetu tulikuwa watoto wa surua. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975. Sisi tulikuwa tumekwisha kutangulia. Mtoto alishikwa na surua, mwili umekosa chakula bora, macho yakawa mekundu, jirani mwenye huruma akaleta majani ya kukamulia, na baada ya juma moja kazi ikawa imekwisha. Madaktari waliolichunguza jambo hili hapa Tanzania katika miaka ya 1980 walikuta mambo hayo matatu yakitembea pamoja: surua, upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji za macho. Wengine walipofushwa na trakoma polepole. Tulitoka Ukerewe, Kome, Magu, Sengerema, Majita, na kila mmoja alikuja akidhani ni yeye peke yake duniani.

Nyumbani kila mgeni aliyefika aliuliza swali moja, tena alimwuliza mama, hakutuuliza sisi: macho ya mtoto huyu yalipatwa na nini? Kisha huja ule mguno wa huruma. Sasa sikilizeni tulivyopokelewa bwenini usiku wa kwanza. Mvulana mmoja alitujia, akatupapasa bega kupima urefu, akauliza, "Unatoka wapi, na umeleta nini cha kula?" Basi. Habari ya macho haikuulizwa usiku ule, wala juma lile, wala mwaka ule. Tulikuwa tumeleta furushi la dagaa wakavu alilofunga mama kwa miezi mitatu ya masomo. Hadi asubuhi lilikuwa mali ya umma, na sisi tulikuwa na marafiki 11.

Huko ndiko tulikompata Jiwe. Ili mlielewe jina hilo hatuna budi kwanza kueleza kuandika kwetu. Maandishi yetu ni nukta nundu, au breli, nukta 6 katika kila chumba, na kila herufi ina nukta zake. Siku zile hatukuwa na mashine za Perkins za kutosha. Mtoto alianzia kwenye sleti na stailasi, yaani kibao chenye vidirisha na kijisumari cha kutobolea karatasi. Nundu hutokea upande wa pili wa karatasi. Kwa hiyo huna budi kuandika toka kulia kwenda kushoto, na kila herufi uigeuze, ili karatasi ikipinduliwa isomeke sawasawa. Mtoto mgeni hukumbuka kwenda toka kulia, lakini herufi zenyewe husahau kuzigeuza. Hapo h husomeka j. Herufi e husomeka i, na i husomeka e. Herufi r husomeka w.

Mwalimu wetu wa dini alitusomea kwa imla zile Heri za Mathayo sura ya 5. Kijana mmoja wa Kome, mgeni wa mwezi mmoja, akaandika kwa bidii mpaka jasho likamtoka. Mwalimu, ambaye naye hakuona, akaichukua karatasi, akaipindua, akaweka vidole. Kimya. Akarudia mstari. Kisha akasoma kwa sauti, "Jiwe." Akashuka mstari wa pili: jiwe. Wa tatu: jiwe. Ndugu msomaji mwenye penseli na ajaribu mwenyewe neno "heri" kwa kanuni tuliyoitoa hapo juu. Heri ziko 9 pale, kutoka aya ya 3 hadi ya 11, na zote 9 zilikuwa mawe. Mwalimu alikuwa mtu mkali, lakini siku ile tulisikia kiti chake kikigonga ukuta kwa kicheko. Tangu hapo kijana yule akawa Jiwe. (Ilikuwa miaka mingi kabla nchi haijamsikia Jiwe mwingine.) Baadaye alipokuwa mwinjilisti, kila mwaka katika sikukuu ya Mtakatifu Petro alianza mahubiri kwa kusema kwamba watu wawili ndio waliobadilishwa majina wakaitwa jiwe: Petro alipewa jina na Bwana, na yeye alipewa na stailasi.

Nukta hizo zilitungwa na mwanafunzi wa bwenini kama sisi. Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, akapoteza macho akiwa mtoto kwa kuchezea chombo cha baba yake mshona ngozi, na mwaka 1824, naye kijana wa miaka 15 katika shule ya vipofu ya Paris, akawa amezipanga. Alianzia kwenye nukta 12 za Charles Barbier, maandishi ya kusomwa gizani, akazipunguza zikaenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Katika miaka ya 1840 mkuu mmoja wa shule ile alizipiga marufuku, na vitabu vikachomwa. Walioziokoa ni wanafunzi wenyewe, waliokuwa wakifundishana kwa siri na kutoboa karatasi kwa chochote walichokipata, hata sindano za kufumia. Tulipohadithiwa jambo hilo tulifurahi sana, kwa sababu siri ya bwenini tuliifahamu vizuri.

Maana saa tatu usiku mwalimu wa zamu alikuja na kandili, akasema, "Sasa naondoa taa, kila mtu alale." Akaondoa taa! Vitabu vilikuwa chini ya blanketi, na vidole juu ya vitabu. Kila kitanda kilisoma hadithi yake, na aliyefika mahali penye kuchekesha aliwavunja mbavu wenzake waliokuwa bado mahali pa huzuni. Mwalimu alirudi mbio na taa yake, akatukuta tumefumba macho, jambo ambalo kwetu halikuwa gumu.

Tulicheza mpira pia. Mpira wa kawaida ulivishwa mfuko wenye vizibo vya soda, ukawa unalia ukienda, na mchezaji aliufuata kwa sikio. Jumamosi moja tulikuwa tumefungana bao moja kwa moja, mchezo umepamba moto, mara Jiwe akapiga kelele kwamba mpira uko kushoto. Wote tukaugeukia. Mpira ukakimbia. Tukaufuata, timu zote mbili na mlinda mlango mmoja, tukavuka kiwanja, tukapita jikoni, tukaingia shamba la pamba la shule. Alikuwa mbuzi wa jirani mwenye kengele shingoni. Mwenye mbuzi alifikiri shule nzima imekusudia kumla mnyama wake, akaja na fimbo. Alipoelezwa alicheka akaketi chini, na tangu siku ile akawa mtazamaji wetu wa kila Jumamosi, mbuzi kamfunga nyumbani.

Wageni walikuwa wengi. Wapo waliopaza sauti kana kwamba tulikuwa viziwi. Wapo waliotuhubiria, na takriban kila mhubiri mgeni alichagua neno lile la Mathayo 15 la kipofu kumwongoza kipofu hata wakatumbukia shimoni wote wawili. Jiwe alikuwa akihesabu. Katika mwaka mmoja tulitumbukizwa shimoni mara 6. Hatimaye, wakati wa maswali, alisimama akamwuliza mhubiri mmoja kwa adabu yote, "Mchungaji, wale Bwana aliokuwa akiwasema, walikuwa wanaona au hawaoni?" Mchungaji akafungua kitabu, akatazama, akanyamaza kidogo, akakiri kwamba walikuwa Mafarisayo na macho yao yalikuwa mazima. Yule mchungaji alikuwa mtu mwema. Alirudi mara nyingi, na hakututia shimoni tena.

Twaongeza la ziwani. Likizo moja ya Desemba, sisi na rafiki wa Ukerewe tulipanda mtumbwi pale Kayenze kwenda visiwani. Injini ilichelewa, usiku ukaingia, kisha upepo ukazima karabai. Abiria wakaanza kulia na kuomba, mama mmoja akataja watakatifu wote. Rafiki yetu akauliza kuna nini. Wakamwambia, "Giza!" Akasema, "Giza gani?" Hakuwa akifanya mzaha, alitaka kweli kujua kama limetokea giza la namna nyingine. Nahodha hakujua tena ufuko uko wapi. Rafiki akanyosha pua. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ulikuwa umebeba harufu ya dagaa walioanikwa mchangani. Upande wa kushoto vyura walilia katika matete. Akasema nenda huku, sasa huku, sasa polepole. Tulifika. Na alipokwisha kukanyaga mchanga, Mkerewe yule akamdai nahodha nusu ya nauli, kwa kuwa nusu ya safari ameiongoza yeye. Akapewa sato wawili.

Sasa twende chuoni. Katika chuo cha ualimu vitabu vya breli vilikuwa vichache, basi mwenzetu mwenye macho, mtu wa Magu, alijitolea kutusomea kila usiku. Alikuwa mwema na mwenye usingizi. Alisoma saikolojia ya mtoto kwa sauti safi, halafu bila kubadili sauti akaendelea, "Mtoto wa umri huu hupenda kuiga, na mama amesema chumvi imekwisha, nenda kwa jirani." Tulimgusa goti, akaamka, akarudi kwenye mstari. Katika daftari zetu za mwaka ule chumvi imo mara tatu. Ulipokuja mtihani alifaulu vizuri kuliko alivyotarajia, naye alisema hadi uzee wake kwamba ni sisi tuliomfaulisha, kwa kuwa kila somo alilisoma mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili yetu. Hatukubishana naye.

Katika mazoezi ya kufundisha tulipewa darasa la watoto wenye macho. Siku ya kwanza waliona wamepata sikukuu. Mmoja akaanza kula muwa. Ndugu zetu, muwa una kelele kuliko redio. Tukasema, "Wewe wa dirishani, benchi la pili, ukimaliza hicho kipande tuletee na sisi." Kikawa kimya cha kanisani. Kufikia saa ya chakula habari ilikuwa imeenea kwamba mwalimu huyu anaona kwa kisogo, nasi hatukuwahi kuikanusha hata tulipostaafu.

Hapa hatuna budi kupunguza kicheko kidogo. Katika bweni letu alikuwako rafiki mwenye ualbino. Yeye aliona kidogo, kwa kuukaribia ubao mpaka pua ikagusa, hata jioni ungeweza kujua siku ile tumefundishwa nini kwa chaki iliyobaki puani pake. Alikuwa macho yetu. Alitusomea matokeo ya mpira kwenye gazeti, na timu yake ilipofungwa alitusomea kwamba imeshinda. Tuliligundua hilo baada ya muhula mzima. Tulilima naye shamba la shule jua likiwaka, wala siku zile hakuna aliyetuambia habari ya kofia na mikono mirefu. Vidonda vilianza masikioni. Hakufika miaka 40. Saratani ya ngozi ilimwondoa. Twamkumbuka kila tunaposikia matokeo ya mpira, na bado hatuyaamini mpaka tuyasikie mara ya pili.

Tulipokuwa walimu, kuanzia mwaka 2007 hivi, kanda yetu hii ya Ziwa iliingia katika aibu ambayo wote mnaijua. Watu wenye ualbino waliwindwa, wakakatwa viungo, wengine wakauawa, kwa uongo wa waganga waliosema viungo vyao vinaleta utajiri machimboni na ziwani. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni mwaka 2009 akilizungumzia jambo hilo. Tusiseme ni watu wa mbali waliofanya hayo. Ilikuwa Mwanza, Shinyanga, Geita, Kagera; ilikuwa mitaa yenye makanisa na kengele. Ndipo watoto walipoanza kuletwa katika shule kama Mitindo, na kama yetu, wengine ili wasome na wengine ili tu wabaki hai. Likizo ilipofika walikuwapo ambao hawakuwa na pa kwenda.

Mmoja aliletwa na mjomba wake jioni, mvulana wa miaka 8. Miezi mingi alikuwa amefungiwa ndani, haruhusiwi hata kuchungulia mlangoni. Aliketi juu ya sanduku lake hasemi. Walimu tulimbembeleza kwa maneno yetu yote ya chuoni, hakujibu. Mara akaja kiranja wa bweni, mtoto asiyeona kabisa, akampapasa bega kupima urefu, akasema, "Unatoka wapi, na umeleta nini cha kula?" Nasi tuliokuwa tumesimama pale tulilazimika kugeuza uso, maana lilikuwa ni lile lile, miaka zaidi ya 30 imepita, na hakuna mtu aliyemfundisha.

Mwenzake mwenye kuona kidogo akamnong'oneza kiranja kwamba mgeni ni mweupe. "Mweupe ndiyo nini?" akauliza. Akaelezwa. Akaushika mkono wa mgeni, akaupapasa toka begani hata vidoleni, akaupindua, akapapasa upande wa pili, akasema kwa masikitiko ya mtu aliyeahidiwa kitu asikione, "Mbona ni mkono tu." Hapo mgeni akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, kama kikohozi. Kisha akafungua sanduku, mlikuwa na karanga, na mengine mnayajua.

Tangu usiku ule hakwenda chooni peke yake. Walimweka katikati, watoto sita wasioona, wenye fimbo wakitangulia kugonga njia, nao wakaimba kwa sauti zote ili mtu mbaya akiwako ajue wako wengi. Waliimba saa nane za usiku. Matroni alilalamika kwamba halali, walimu wakalalamika, na hakuna aliyethubutu kuwanyamazisha. Na asubuhi katika mstari, kila aliyepita karibu naye alimpiga kofi jepesi kichwani. Mwanzoni tulitaka kuwaadhibu kwa uonevu. Walikuwa wakikagua kama amevaa kofia.

Sasa turudi katika Yohana. Yule mtu alipotupwa nje, maandiko yanasema Yesu alisikia, akamtafuta, akamkuta. Hakumponya na kwenda zake. Alirudi kwa ajili ya mtu mwenyewe, siku ambayo macho hayakuwa tena na shida yoyote. Majirani walikuwa wamezoea kuuona upofu. Bwana alikuwa na neno na mtu. Na usharika wetu, wapendwa, uko upande gani? Baada ya ibada twasimama nje na mjukuu wetu ametushika mkono. Mtu anakuja, anamsalimu mjukuu, anamwuliza mjukuu, "Babu anatumia chai ya sukari?" Anayeuliza ametujua miaka 20. Jumapili moja mtoto yule, naye wakati huo ana miaka 7, alijibu, "Sijui, muulize mwenyewe, masikio anayo." Wengine walisema hana adabu. Sisi tulikumbuka kwamba wazazi katika Yohana 9 walisema maneno kama hayo, muulizeni mwenyewe, lakini wao waliyasema kwa hofu ili waondoke salama. Mtoto aliyasema akiwa bado ametushika mkono. Chai ya sukari twatumia, vijiko viwili.

Liko jambo moja la kufanya kabla ya Januari. Visiwani na katika kambi za wavuvi bado wako watoto wasioona, na wenye ualbino, wanaokaa ndani mchana kutwa. Wazazi wao si watu wabaya. Wengine wanaogopa, na wana sababu. Wengine wanaona haya. Wengine hawajui kwamba mtoto wa namna hiyo husoma, hufanya mtihani wa darasa la saba kama wengine, na kuendelea. Chanjo na matone ya vitamini A vimepunguza sana watoto wa surua kama sisi, lakini hawajakwisha wenye mtoto wa jicho, wenye trakoma, waliozaliwa hivyo. Mtoto asiyeona apelekwe kwanza kwa daktari wa macho, Bugando au hospitali yoyote ya karibu, kwa maana mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, na kuna waliofichwa ndani kwa ugonjwa wa kutibika. Akishaonekana na daktari, afisa elimu wa wilaya ndiye anayejua nafasi ziko wapi. Mwenye habari ya mtoto kama huyo na amwambie katekista wake Jumapili hii, au aje kwetu sisi wazee tuliostaafu, tutakwenda naye hadi kwa mzazi hata kama ni ng'ambo ya maji. Jiwe naye amesema atakuja. Magoti yanamsumbua, lakini mtumbwini mtu huketi.

Na mzazi akikubali, amfungie mtoto kitu cha kula kinachotosha watu 12, kofia ikiwa yahitajika, na blanketi lililo zito. Asimweleze la kulifanyia. Wenzake watamfundisha usiku wa kwanza.